Chai bila sukari: vijitabu na kususia bidhaa katika vita dhidi ya utumwa Uingereza

Kila ikizuka kampeni ya kususia bidhaa huku mitandaoni, iwe ni kwa sababu ya vita, siasa au bei, haichukui muda utakuta watu wameshagawanyika. Kundi moja linasema acheni kujisumbua, kususia hakujawahi kubadilisha kitu, tajiri hana habari na wewe. Kundi la pili linajibu kwa mfano uleule kila siku, kwamba Waingereza waliacha kula sukari na utumwa ukaisha. Huu mfano unazunguka sana ila karibu kila mara unakuja umekatwa vipande, mwaka umekosewa, watu wamechanganywa, na watumwa wenyewe hawatajwi kabisa, kama vile walikaa tu wakisubiri kuokolewa. Hilo la mwisho ndo linaloniuma zaidi. Kwa hiyo tuikalie hii stori vizuri, maana ukweli wake ni mzito kuliko yale yanayosemwa na makundi yote mawili.

Kwanza maneno, tusije tukapishana njiani. Kususia ni wewe mnunuzi kukataa kwa hiari yako kununua kitu ili ufikishe ujumbe au umkoseshe mtu faida. Sio mgomo, mgomo ni wa mfanyakazi anayeweka zana chini. Wala sio vikwazo, vikwazo huwekwa na serikali. Kijitabu tunachokizungumzia hapa ni chapisho la kurasa chache tu, halina jalada gumu, bei yake ndogo, linaandikwa haraka kwa ajili ya kubishana kuhusu jambo moja, afu linapita mkono kwa mkono. Zamani hizo hakuna redio hakuna simu, kijitabu ndo kilikuwa posti yenyewe, na watu waliosoma waliwasomea wasiojua kusoma.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu wengi wanaikosa na ndo inayoleta vurugu ya miaka. Biashara ya utumwa ni kitu kimoja, yaani kuwakamata watu Afrika, kuwapakia melini na kuwauza. Utumwa wenyewe ni kitu kingine, yaani yule mtu ambaye tayari yuko shambani Jamaika au Barbados anamilikiwa kama mali, yeye na watoto wake. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara mwaka 1807. Utumwa kwenye makoloni yake ya Karibi ulifutwa kwa sheria ya 1833. Katikati hapo kuna miaka 26 ambayo meli za Kiingereza haziruhusiwi kubeba watumwa lakini laki kadhaa za watu bado wanachapwa viboko mashambani kihalali. Kwa hiyo mtu akikwambia "utumwa uliisha 1807" mwambie hapana, na akikwambia kulikuwa na kampeni moja ya sukari mwambie zilikuwa angalau mbili kubwa, moja ya 1791 mpaka 1792 na nyingine ya miaka ya 1820.

Sasa kwa nini sukari? Kwa sababu ilikuwa kwenye kila nyumba. Mwaka 1700 Mwingereza wa kawaida alikuwa anatumia kama ratili 4 za sukari kwa mwaka, hata kilo 2 hazifiki. Kufikia 1800 ilikuwa imepanda mpaka kama ratili 18, kilo 8 hivi. Chai na kahawa vilikuwa vimeingia mpaka kwa watu wa kipato kidogo na chai bila sukari ilikuwa haieleweki. Na karibu sukari yote hiyo ilitoka visiwa vya Karibi.

Kule shambani hali ilikuwa hivi. Muwa ukishakatwa haungoji, maji yake yanachacha upesi, kwa hiyo msimu wa mavuno mtambo wa kukamua unasaga mchana na usiku na watu wanapokezana zamu wakiwa hoi. Muwa unasukumwa kwa mkono katikati ya magogo makubwa yanayozunguka. Mtu akisinzia kidogo vidole vinashikwa, mkono unavutwa, na mashamba mengi yaliweka shoka au panga pembeni ya mtambo, la kumkata huyo mtu mkono kabla mwili wote haujaingia. Kutoka hapo maji yanaenda kwenye masufuria makubwa ya shaba yanayochemka, na huko nako watu waliungua vibaya. Vifo vilikuwa vingi kuliko watoto waliozaliwa, ndo maana mashamba yalihitaji meli mpya za watu kila mwaka. Hapo unaona kamba inayounganisha kikombe cha chai cha London na meli inayotoka pwani ya Afrika Magharibi.

Watu wa London hawakuiona hiyo kamba. Kazi ya kwanza ya wapinga utumwa ilikuwa kuifanya ionekane, na hiyo ni kazi ya uchapishaji. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 walikutana kwenye duka la mchapishaji James Phillips, namba 2 George Yard, wakaunda kamati ya kupinga biashara ya utumwa. Tisa kati yao walikuwa Waquaker, dhehebu ambalo ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanalijua kwa jina la Friends, lile lililofika Kaimosi mwaka 1902. Angalia walikokutania, kwa mchapishaji. Hawa watu walijua tangu siku ya kwanza kwamba silaha yao ni karatasi.

Mmoja wao, Thomas Clarkson, alizunguka bandarini Bristol na Liverpool akihoji mabaharia na kukusanya pingu na vyuma vya kufungulia watu midomo kwa nguvu. Mwaka 1788 kamati ya Plymouth ikatoa ule mchoro wa meli ya Brookes, nadhani umeshawahi kuuona, watu wamelazwa kama samaki wa kopo. Meli hiyo ya Liverpool sheria ya mwaka huohuo iliiruhusu watu 454, na toleo la mchoro lililochapwa London 1789 linaonyesha 482 ambao ndo wamejaa hakuna pa kuweka mguu, wakati safari moja ya kabla ya hapo iliwahi kubeba 609. Mchoro ule ulibandikwa ukutani mpaka kwenye vilabu vya pombe. Josiah Wedgwood, mwenye viwanda vya vyombo vya udongo, akatengeneza nishani ndogo ya mtu aliyefungwa minyororo amepiga goti anauliza kama yeye si binadamu na ndugu, wanawake wakaivaa kama pini ya nywele au bangili. Mimi ile picha ina kitu kinanikera, huyo mtu amepigishwa magoti anaomba, na ndo sura ambayo Wazungu waliizoea. Ila kwa kazi iliyofanya huwezi kuidharau.

Na hapa tuwataje wale wanaofichwa. Ottobah Cugoano, aliyekamatwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Ghana, alichapisha kitabu chake London 1787 akidai utumwa wote ufutwe, wakati wenzake Wazungu walikuwa bado wanaomba ifutwe biashara tu. Olaudah Equiano akafuata 1789 na simulizi ya maisha yake, akauza kwa kulipisha watu kabla ya kuchapa ili asitegemee tajiri yeyote, afu akazunguka Uingereza, Scotland na Ireland mji kwa mji akiongea na kuuza. Kabla hajafariki 1797 kilikuwa kimechapwa mara tisa. Kwa hiyo ile picha kwamba vijitabu viliandikwa na Wazungu wema peke yao ni uongo, sauti iliyouma zaidi ilikuwa ya watu walioyapitia.

Basi Aprili 1791 mbunge William Wilberforce akapeleka Bungeni mswada wa kufuta biashara ya utumwa. Ukashindwa vibaya, kura 163 dhidi ya 88. Na Bunge lenyewe tulielewe lilikuwaje. Wanawake hawana kura kabisa. Wanaume wengi hawana kura kwa sababu hawana mali. Manchester, mji uliokuwa na watu kama 50,000 na ambao zaidi ya 10,000 walikuwa wametia saini petisheni dhidi ya biashara ya utumwa, haukuwa na mbunge hata mmoja mpaka 1832. Wakati huohuo wenye mashamba ya Karibi wana viti vyao Bungeni na wana hela. Mtu wa kawaida aliyekasirishwa na zile kura 163 angefanya nini?

Jibu likaja mwaka huohuo kwenye kijitabu cha William Fox, muuza vitabu wa London, kilichochapwa na kuuzwa na mwanamke anaitwa Martha Gurney. Kilikuwa na kurasa 12 tu. Fox hakusema ombeni wabunge, alisema waacheni hao wabunge, nyie wenyewe mmeshika kisu. Hoja yake ni kwamba muuza watumwa, mwenye shamba na msimamizi mwenye mjeledi wote ni kama mawakala wa yule mlaji, ni kama yeye ndo amewaajiri wamletee bidhaa. Ni ile hoja ya simu ya wizi. Anayenunua simu ya wizi kwa bei chee hajamkaba mtu usiku, lakini yeye ndo sababu ya mkabaji kutoka nyumbani, maana pasipokuwa na mnunuzi ile simu ataipeleka wapi.

Halafu Fox akaweka hesabu ambayo mama wa nyumbani angeweza kuirudia kwa jirani. Familia inayotumia ratili 5 za sukari kwa wiki, pamoja na kiasi chake cha pombe ya ramu, ikiacha kwa miezi 21 itakuwa imemuokoa mtu mmoja asitiwe utumwani au asiuawe. Ratili 5 ni kama kilo 2 na robo, ukizidisha kwa wiki za miezi 21 unapata kama kilo 200. Yaani aliweka bei ya mtu kwa kilo za sukari ili uione kwenye bakuli lako. Akaongeza na lile neno lililowatia watu kichefuchefu, kwamba katika kila ratili ya sukari ni kama tunakula wakia 2 za nyama ya binadamu. Ratili ina wakia 16, kwa hiyo anakwambia thumni ya sukari yako ni mtu. Ile hesabu ukiipekua ni makadirio juu ya makadirio na haiwezi kushikwa kama takwimu, lakini nguvu yake ilikuwa kumfanya mtu aone kwamba yuko ndani ya jambo ambalo alidhani linatendeka mbali huko.

Kijitabu kikalipuka. Ndani ya miezi michache nakala kama 70,000 zilikuwa nje, kikachapwa mara zaidi ya 20, na kikavuka mpaka Marekani. Wengine wakakijibu, wengine wakakirefusha, wenye mashamba nao wakatoa vijitabu vyao kwamba mtumwa wa Karibi anaishi vizuri kuliko maskini wa Uingereza, kwamba mkisusia mtawaua njaa hao hao mnaowahurumia, kwamba serikali itakosa ushuru. Ukizisoma hizo hoja leo unashtuka, ni zilezile zinazotolewa kila anapobanwa tajiri yeyote: mkinigusa mimi atakayeumia ni mfanyakazi wangu.

Clarkson alizunguka nchi tena akakadiria watu 300,000 wameacha sukari ya Karibi. Wengine waliacha kabisa, wengine wakahamia sukari ya India, wengine asali. Sensa ya kwanza ya 1801 ilihesabu watu kama milioni 10 na nusu Uingereza, Wales na Scotland, kwa hiyo hata ukikubali makadirio ya Clarkson hiyo ni chini ya watu 3 kwa kila 100. Sio taifa zima. Lakini kumbuka hakukuwa na chama kilichowaamuru, ile kamati ya London yenyewe haikuipa baraka rasmi kampeni ya kususia na Wilberforce aliiogopa, aliona ni mambo ya wanaharakati wakali. Ilienda chini kwa chini, nyumba kwa nyumba.

Na mwenye nyumba katika hili alikuwa mwanamke. Nani ananunua sukari? Nani anakaribisha wageni chai? Mwanamke asiye na kura ghafla ana maamuzi ya kisiasa mara kadhaa kwa siku, na akiwanyima wageni sukari lazima aeleze kwa nini, na hapo mjadala umeshaingia sebuleni bila kupitia gazeti wala Bunge. Watoto nao waligoma, kuna familia mtoto ndo aliyeanza. Machi 1792 mfanyabiashara James Wright wa Haverhill, Mquaker, alitangaza gazetini kwamba haendelei kuuza sukari mpaka apate inayotoka kwenye njia zisizo na doa la utumwa, na hili lilikuwa duka lake mwenyewe, mkate wake. Mchoraji vibonzo James Gillray mwezi huohuo akamchora Mfalme George wa Tatu na malkia wanawabembeleza mabinti zao wanywe chai isiyo na sukari na mabinti wamenuna, alikuwa anawacheka, lakini mpaka ufike kuchekwa kwenye vibonzo vya London ujue mji mzima unakuongelea.

Sasa swali ambalo watu wanagombania: ilifanya kazi? Ukitaka kuambiwa kwamba mashamba yalifilisika, hapana, hayakufilisika. Na ukiangalia bei za sukari za miezi ile utachanganyikiwa kabisa, kwa sababu Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti na lililokuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote, waliinuka wakachoma mashamba. Sukari ikaadimika Ulaya nzima, bei ikapaa, na wenye mashamba ya Kiingereza wakapata soko jipya. Kwa hiyo anayesema bei ilipanda au ilishuka kwa sababu ya kususia anachanganya vitu viwili. Aliyeikata kweli sukari duniani mwaka ule ni mtumwa wa Saint-Domingue na panga lake.

Kazi ya kususia ilionekana kwingine. Kufikia 1792 petisheni 519 zilimiminika Bungeni zikiwa na saini kama 390,000, na watu wengi waliotia saini walikuwa wameshaanza kwa kuacha sukari nyumbani. Mtu akishajinyima kitu kila siku kwa ajili ya jambo fulani hawezi kulisahau, huyo hata ukimpelekea karatasi ya kusaini hana haja ya kushawishiwa. Na Bunge lilelile lililokataa kwa 163 kwa 88, Aprili 1792 likapiga kura 230 kwa 85 kwamba biashara ifutwe. Isipokuwa waziri Henry Dundas akachomeka neno moja, "taratibu". Neno hilo liliua kila kitu. Mabwana wa baraza la juu wakakalia jambo, mapinduzi ya Ufaransa yakawatisha watawala, mwanzoni mwa 1793 vita na Ufaransa vikaanza, serikali ikaanza kuwabana waandishi wa vijitabu kama wachochezi, na kampeni ikapoa. Ilichukua miaka 15 kutoka kura ile mpaka sheria ya 1807.

Wimbi la pili ndo mimi nalipenda zaidi na ndo halijulikani kabisa. Mwaka 1824 Elizabeth Heyrick, mjane wa Leicester, akatoa kijitabu kinachodai utumwa ufutwe sasa hivi na sio taratibu. Wanaume wakubwa wa harakati wakati huo walikuwa wanataka taratibu, miaka na miaka ya maandalizi. Heyrick akawaambia waziwazi kwamba hiyo taratibu ndo ujanja wa mwenye shamba, na kwamba mnunuzi hahitaji kibali cha mbunge yeyote kuacha kununua leo. Yeye na rafiki yake Susanna Watts walipita Leicester mlango kwa mlango, na kwa wenye maduka wakawaomba wasiweke tena sukari ya Karibi. Mwaka 1825 Lucy Townsend na wenzake wakaanzisha chama cha wanawake Birmingham, na kabla ya 1833 vilikuwepo vyama vya wanawake zaidi ya 70. Wilberforce aliandika kwamba wanawake kukutana, kuchapisha na kupita nyumba hadi nyumba hakuendani na tabia ya mwanamke kama inavyoelezwa kwenye Biblia. Hawakusimama. Mwaka 1830 wanawake wa Birmingham wakatishia kuzuia mchango wao wa pauni 50 mpaka chama cha taifa kiondoe neno "taratibu", na mwaka huohuo likaondolewa.

Kipindi hicho ndo zilienea zile bakuli za sukari zenye maandishi kwamba sukari hii ni ya India, haikutengenezwa na watumwa, na kwamba familia sita zikibadilisha mtumwa mmoja anapungua. Tuwe wakweli hapa. India chini ya Kampuni ya East India, ile ya Kiingereza iliyokuwa inaitawala, kulikuwa na utumwa pia, na sheria ya 1833 iliziacha nje kabisa zile nchi za Kampuni, ikabidi isubiriwe sheria nyingine ya 1843. Kwa hiyo yale maandishi kwenye bakuli yalikuwa yanaahidi zaidi ya walichokijua. Hili tatizo lipo mpaka leo kwenye kila bidhaa yenye nembo ya usafi, nembo inakwambia kuhusu sehemu moja ya safari, sehemu nyingine imefunikwa.

Na bado sheria isingepita bila Jamaika. Krismasi ya 1831 Samuel Sharpe, shemasi wa Kibaptisti ambaye alikuwa anasoma magazeti na kuwasomea wenzake habari za mjadala wa Uingereza, alipanga mgomo wa kukataa kukata miwa bila malipo. Watu kama 60,000 wakainuka, mashamba yakawaka, na kisasi cha serikali kikawa cha kutisha, mamia walinyongwa na kupigwa risasi. Sharpe alinyongwa Mei 1832. Hapa vijitabu na mashamba vinakutana kabisa: maneno yaliyochapwa London yalimfikia mtu wa Montego Bay, na alichokifanya yeye kikarudi London kikawaambia wabunge kwamba mkichelewa mtapata Haiti nyingine. Mwaka huo huo wa 1831 Mary Prince, aliyezaliwa utumwani Bermuda, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchapishwa simulizi ya maisha yake Uingereza. Mei 1833 wanawake wakapeleka petisheni moja yenye saini zaidi ya 187,000, furushi kubwa kiasi kwamba wabunge wanne walilibeba kuliingiza ukumbini.

Sheria ikapita. Na sasa sehemu ambayo nataka kila mtu aijue. Serikali ililipa fidia ya pauni milioni 20, kama asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka mzima, na hela hiyo waliipata wamiliki. Watumwa karibu 800,000 hawakupata hata senti, na wakalazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale sehemu kubwa ya wiki bila malipo kwa jina la mafunzo ya kazi, mpaka 1 Agosti 1838. Deni la ile fidia serikali ya Uingereza ilikuja kumaliza kulilipa 2015. Wako watu waliokatwa kodi Uingereza, wakiwemo wajukuu wa wale watumwa, hela yao ikalipa lile deni.

Wako pia wanaosema mambo ya huruma ni porojo, utumwa uliisha kwa sababu ulikuwa haulipi tena. Hiyo ina mzizi kwa Eric Williams, mwanahistoria aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Trinidad na Tobago, ambaye mwaka 1944 alionyesha jinsi ubepari mpya wa viwanda ulivyoanza kuyaona mashamba ya Karibi kama mzigo. Wanahistoria bado wanabishana naye, kuna waliokuja kuonyesha kwamba sukari bado ilikuwa inaingiza hela nyingi mwaka 1807. Mimi naona hoja ya Williams inatusaidia tusimeze hadithi ya Wazungu watakatifu, ila ukiibeba peke yake inamfuta Heyrick na inamfuta Sharpe, na huwezi kueleza kwa nini Bunge lilihitaji kusukumwa namna ile.

Kwa sisi wa pwani hii, ile miaka ya 1807 na 1833 haikutufikia kabisa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalipanuka kwa nguvu za watumwa wakati Karibi wanaachiwa. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa kwa mkataba wa 5 Juni 1873 alioubanwa Sultan Barghash mpaka akatia saini, hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ikafutwa 1897 na wamiliki wakapewa fidia tena, pwani ya Kenya ni 1907, Tanganyika 1922. Wala hata meza ya chai ya Uingereza haikubaki safi, mwaka 1846 Bunge lilianza kusawazisha ushuru na sukari ya Cuba na Brazil ikaingia kwa wingi, na kule utumwa ulidumu mpaka 1886 na 1888. Wale waliowahi kuacha sukari wakiwa watoto walizeeka wakiinywa tena sukari ya watumwa, tena kwa bei rahisi.

Marekani walijaribu njia hiyohiyo na huko ndo utaona ugumu wake. Mwaka 1829 David Walker, mtu mweusi huru aliyekuwa anauza nguo za mitumba Boston, alichapa kijitabu kikali cha kuwaita watu weusi wasimame, na kikasafirishwa kusini kupitia mabaharia, nakala nyingine inasemekana zilishonewa ndani ya nguo. Majimbo ya kusini yalipata kiwewe yakatunga sheria za kuzuia maandishi kama hayo. Philadelphia watu weusi wakaunda chama chao cha kununua bidhaa zisizo za utumwa mwishoni mwa 1830, na wanawake wao wakafuata mwaka uliofuata. Tatizo likawa pamba. Sukari unaweza kuiacha, lakini pamba iko kwenye shati, shuka, utambi wa taa na karatasi ya kuchapia kijitabu chenyewe. Pamba ya watu huru ilikuwa chache, ghali na mara nyingi duni. Mshairi Frances Harper aliandika kwamba anashukuru anaweza kulipa zaidi kidogo kwa gauni la kazi huru hata kama kitambaa chake kina mkwaruzo. Wengi hawakuweza, na mpaka William Lloyd Garrison, mhariri na mpinga utumwa aliyekuwa anaunga mkono mwanzoni, akaja kuachana na njia hiyo.

George Taylor aliendesha duka la bidhaa zisizo za utumwa Philadelphia tangu 1847, akipekua kila mzigo wa pamba, mchele na sukari umetoka kwa nani. Duka lake lilifungwa 1867, miaka miwili baada ya katiba ya Marekani kupiga utumwa marufuku, kwa kuwa mchele na pamba ya watumwa ya kuepukwa haikuwepo tena.